Bibi Harusi Aliyekwishasukwa

Kila Jumamosi Sabra, mwanafunzi wa darasa la sita, akimaliza kuosha vyombo humbebea shangazi yake kikapu cha vitana na mafuta ya nywele. Shangazi Kijakazi haoni, lakini kwa kusuka, akina mama wa Tanga wanamgombea. Simu yake humsomea ujumbe na kumwelekeza njia, kata kulia, kata kushoto, kwa sauti inayofika hadi kwa jirani.

Jumamosi moja walikwenda Pongwe kumsuka bibi harusi aitwaye Najat. Mama yake Najat alituma ramani ya nyumba kwenye simu, akaonya, "Kijakazi, ukichelewa namwita msusi mwingine. Harusi haisubiri."

Waliposhuka kwenye bajaji, simu ikaanza, "Nenda mbele mita mia mbili."

Vijana wa kijiweni wakaangua kicheko. "Oya, simu inapiga debe!"

Sabra aliona haya. "Shangazi, izime tu. Mimi napajua."

"Unapajua kweli?"

"Napajua sana!" Shangazi akaizima simu.

Hakupajua hata kidogo. Mbele aliona turubai, akasikia vigelegele na harufu ya pilau. Moyo wake ukatulia. Harusi si hiyo?

Kwenye shughuli za kwetu mgeni haulizwi katokea wapi, hupewa sahani. "Karibuni, sogeeni!" alisema mama mmoja huku akiwapakulia. "Mmesikia lakini? Mama mkwe kazikataa sare! Eti rangi haimpendezi!" Shangazi alicheka nusura apaliwe. Aliponawa, akaomba apelekwe kwa bibi harusi, akampapasa kichwa.

"Najat, mwanangu, mbona umeshasukwa?"

"Shikamoo, shangazi. Mimi si Najat. Naitwa Mastura."

Wote waliokuwepo walicheka. Sabra peke yake hakucheka.

"Labda ramani ilikosea," alinong'ona.

"Ramani gani, na simu umenizimisha?"

Machozi yalimlengalenga Sabra. "Sipajui, shangazi. Nilidanganya. Niliona aibu tulipochekwa."

Shangazi hakugomba. Aliwasha simu, nayo ikawapitisha uchochoroni, ikawazungusha nyuma ya msikiti, hadi ikatamka, "Umefika." Mama yake Najat alikuwa mlangoni, simu sikioni, akimtafuta msusi mwingine.

"Kata, dada, kata hiyo simu! Nimefika," alisema Shangazi. Akakaa, na vidole vikaanza kazi. Sabra alimpa vitana.

"Sabra," Shangazi alisema huku akisuka, "kutojua njia si kosa. Ungesema hujui, tungeifuata simu. Umesema unajua, nami nikakuamini, tukapotea wawili. Na Najat nusura asukwe na mtu asiyemtaka. Mtu akikuamini, mwambie kweli, hata kama watu watacheka."

"Nimeelewa, shangazi. Nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Lete mafuta."

Najat alitoka amependeza, vigelegele vikapasua bati. Jioni, wageni wakiagana, mama yake Najat aliwasindikiza Shangazi na Sabra hadi nje, akauliza.

"Sabra, njia ya kurudi unaijua?"

"Siijui, mama," Sabra alijibu kwa sauti, mbele ya watu wote.

Shangazi akacheka, akaiambia simu iwaelekeze, akamshika Sabra bega.

"Haya, twende zetu."