Hodi Mteremkoni

Jumanne, saa tisa alasiri, kipimo cha mitikisiko kilichofukiwa mteremkoni kiliandika mapigo matatu. Mteremkoni hapakuwa na mtu.

Mtafiti aliyaona kwenye kompyuta, mkononi ana chai iliyokwisha kupoa. Yalikuwa yameachana sawasawa, kama ya mtu anayebisha mlango.

"Mbuzi," alisema fundi bila kuinua kichwa.

"Mbuzi gani anajua kuhesabu?"

"Basi ni mbuzi msomi. Siku hizi wamejaa, kazi hawana."

Mtafiti hakucheka. Misimu miwili ya mvua alikuwa ameutazama mteremko ule ukishuka polepole, na mara mbili alikuwa amewaambia wakazi wa chini yake wahame. Walihama, hakikuanguka kitu, wakarudi na magodoro kichwani wakimsonya. Sasa walimwita Mama Maporomoko. Aliyeapa kwamba hatahama tena alikuwa dada yake wa tumbo moja, na nyumba ya dada ndiyo iliyokaa juu kuliko zote, ukuta wake wa jikoni ukikaribia kugusana na mlima.

Asubuhi ya Jumanne ileile yeye na fundi ndio walioshusha kipimo hicho, kipya, kwenye shimo refu juu ya mteremko. Kifaa kipya hujaribiwa hivi: unaipiga ardhi kwa nyundo mara tatu, kisha unatazama kama kimeandika matatu. Fundi alipiga, akatia na utani wake wa siku zote: "Hodi, wenyewe!" Kipimo kikaandika. Wakakusanya vyombo, wakaondoka.

Mapigo ya alasiri mtafiti aliyafuta. Ndiyo kazi yenyewe: kuondoa malori, ng'ombe na watoto wanaokimbizana, ili ibaki sauti ya mlima peke yake. Aliyafuta na ya Jumatano, ambayo yalitoka kwenye kipimo cha katikati ya mteremko. Ya Alhamisi yalitoka kwenye kipimo cha chini, karibu na nyumba. Siku hiyohiyo ofisini pakaanza kunuka udongo mbichi, harufu ya kaburi lililochimbwa punde, ilhali mvua ilikuwa bado haijaanza. Fundi alipekua makabati, akamwaga dawa ya sakafu. Harufu haikutoka.

"Bosi," alinong'ona, "hiki kitu kinateremka."

"Nimechoka mimi. Kama ni jini, mwambie apange foleni."

Ijumaa dada yake akapiga simu.

"Mdogo wangu, umemtuma fundi wako huku? Kuna mtu anagonga chini ya sakafu."

"Chini ya sakafu?"

"Jikoni. Anagonga mara tatu, anatulia."

"Ukafanyaje?"

"Mtu akibisha hodi unafanyaje? Nikasema karibu."

Mtafiti alikwenda mchana uleule. Mlango wa mbele ulikataa kufunguka kwa sababu fremu ilikuwa imepinda, akaupiga bega. Alimkuta dada yake amelala kifudifudi jikoni, sikio limebanwa kwenye saruji, anatabasamu.

"Inuka, dada. Mawingu yale unayaona? Twende kwangu."

"Nitaondokaje nina mgeni?"

"Mgeni gani?"

"Shh. Anaongea."

Alitaka kumkemea, lakini harufu ya udongo ilimjaa kooni, na hapo akaona maji ndani ya sufuria yakitikisika bila kuguswa, na ufa ukutani ambao wiki iliyopita alikuwa ameupima kwa kidole sasa ungeweza kumeza kiganja, na ndani ya ufa ule mlikuwa na giza lililomtazama, na alipokuwa anarudi nyuma akijiambia kwamba huu ni uchovu, ni mtu asiyelala, ni macho tu, yakaja mapigo, moja, la pili, la tatu, chini ya nyayo zake mwenyewe, taratibu, kwa adabu, kama ya mgeni anayejua kwamba mwenye nyumba yupo.

Dada alikataa kuinuka, na Jumamosi mganga akaletwa hapo jikoni kwa pikipiki. Alikuwa na mafua na mfuko wa plastiki. Hakufukiza kitu. Aliuliza swali moja tu.

"Nani alibisha kwanza?"

Fundi aliinua mkono.

"Mmebisha kwa watu," mganga alisema, akapenga kamasi. "Mwenyewe anafungua, nyinyi mmeshakwenda zenu. Ungekuwa wewe ungenyamaza? Kaja kuuliza mlikuwa mnataka nini."

"Atarudi vipi kwake?" mtafiti aliuliza.

"Toeni chombo chenu nyumbani mwake. Ombeni radhi, muage kama watu. Halafu akibisha tena, popote pale, asiitikiwe. Anayesema karibu ndiye mwenyeji wake."

Mtafiti alitazama juu. Mawingu yalikuwa yameshika kilele. Kipimo kile pekee ndicho kilichofika kina cha kuusikia mteremko ukianza kukatika, na kukitoa mvua ikiwa mlangoni ni kujitoboa macho. Kukiacha ni kumwacha dada yake sakafuni. Hakuwa na nguvu ya kubishana na nafsi yake.

Walipanda. Walivuta waya wa kipimo, waya ukakaza, na kila walipouvuta ulivutwa, bila hasira, kama kamba iliyo mikononi mwa mtu upande wa pili. Mtafiti akapiga magoti pembeni ya shimo.

"Tumekosea nyumba," alisema. "Tunaomba radhi. Tunakwenda."

Waya ukalegea. Kipimo kilitoka kikavu, kina joto la kiganja.

Kule chini dada alikuwa ameshainuka, anajipangusa vumbi, anauliza kwa nini hakuna aliyechemsha chai. Alipakia vitu vyake bila ubishi. Majirani walipouliza, fundi aliwasimulia habari za jini, na chumvi akaongeza ya kutosha. Kabla ya jua kuzama safu yote ya juu ilikuwa tupu.

"Misimu miwili nawaonyesha michoro," mtafiti alisema.

"Michoro haibishi hodi, bosi."

Mvua ilinyesha usiku kucha. Jumapili asubuhi mteremko uliporomoka ukazifukia nyumba zote za safu ya juu. Hakufa mtu. Vipimo viwili vilivyobaki viliandika sekunde za mwisho tu, ambazo zisingemwokoa yeyote.

Jumanne mtafiti aliomba ruhusa ya kulala. Alilala tangu asubuhi, kwa mara ya kwanza tangu msimu wa kwanza, na dada yake amejipumzisha chumba cha pili. Alikuwa amemwonya zaidi ya mara moja: ukisikia kitu, nyamaza. Dada aliitikia kila mara, "Nimekusikia, mdogo wangu, mimi si mtoto."

Aliamshwa na harufu ya udongo mbichi. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa. Chini ya sakafu ya jikoni yakapigwa mapigo matatu.

Aliruka kitandani, akafika mlango wa chumba cha pili. Dada yake alikuwa amelala, amefumba macho, mkono mmoja umening'inia hadi sakafuni.

"Karibu," alisema dada usingizini.