Gaspar Aacha Mvuke

Mgeni alifika wakati Gaspar anatoka kwenye kibanda cha kuogea mvuke nyuma ya jiko, taulo kiunoni, mwekundu kama pilipili.

"Samahani, bwana. Mimi Eulalio, nesi mpya wa zahanati. Pikipiki imenizimikia. Naomba maji."

Petrona, mke wa Gaspar, alimletea uji wa mahindi. "Mzoee tu huyu," alisema akicheka. "Huingia humo asubuhi na jioni. Anapasha moto mbegu zake!"

"Petrona!"

"Si mama yako alisema mvuke huleta mtoto?"

Gaspar aliinama. Miaka sita ya ndoa, hawana mtoto. Kijiji kilimlaumu Petrona. Gaspar alijishuku mwenyewe, lakini hakuwahi kumwambia mtu.

"Kaka, joto kali hudhoofisha mbegu za mwanamume," alisema Eulalio. "Ndiyo maana Mungu amezitundika nje."

Petrona alicheka mpaka uji ukamwagika.

"Njooni zahanati wote wawili mpimwe," Eulalio aliendelea. " Hata mimi nilipimwa. Zangu zilikuwa chache. Nililia ndani ya basi, watu wakinitazama."

"Ulilia? Mwanamume mzima?"

"Nililia, kaka. Kisha nikaanza matibabu."

Walipimwa. Petrona alikuwa mzima. Mbegu za Gaspar zilikuwa chache na dhaifu. Nyumbani Gaspar alilia, Petrona akamkumbatia.

"Hutalaumiwa tena," Gaspar alimwahidi. "Wakikusema, nitawajibu mimi."

Aliacha mvuke. Akaoga maji ya vuguvugu katika baridi ya mlimani, akiimba huku meno yakigongana. Mbegu mpya huchukua karibu miezi mitatu kukomaa. Baada ya muda huo alipimwa tena. Zilikuwa zimeongezeka.

Mkesha wa sikukuu ya mtakatifu wa kijiji, wanaume walikuja kwake kuoga mvuke pamoja. Gaspar alichochea moto tu.

"Ingia, jogoo!" aliita jirani yake Baltasar. "Au yule tasa wako amekukataza? Badilisha shamba, bwana!"

Wakacheka. Masikio ya Gaspar yaliwaka. Angeweza kucheka nao, yakaisha.

"Shamba ni zima," alisema. "Mbegu zangu ndizo zilizokuwa dhaifu. Natibiwa."

Mmoja akawika kama jogoo aliyekabwa, wote wakaangua kicheko. Gaspar aliongeza kuni.

Baadaye Baltasar alitoka peke yake, akifuka mvuke.

"Ndugu yangu," alinong'ona, "huyo nesi hupatikana siku gani?"

Jikoni, Petrona alikuwa amesikia yote. Alianza kuimba wimbo wa mumewe wa kuogea, akitetemesha sauti kama yeye.