Laini ya Mlingotini

Saa nne asubuhi Sabiha aliona laini moja haijafungwa.

Alikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi ndogo mjini Bagamoyo, iliyopokea maombi ya gari la wagonjwa kutoka zahanati za vijijini. Muuguzi akibonyeza simu ya zahanati, laini hufunguka mpaka kompyuta ya ofisi, ombi hupita, kisha pande mbili huagana na laini hujifunga. Hii ya Mlingotini haikuaga. Sabiha akaikata. Ikarudi. Ilipofika adhuhuri zilikuwa arobaini, zote za Mlingotini, na kompyuta ikakosa nafasi ya kupokea ombi jingine. Mama mmoja aliyejifungua Makurunge, akivuja damu, ikabidi apakiwe kwenye bodaboda.

"Kafika hai," Mwinyijuma, dereva wa gari la wagonjwa, alimwambia. "Wa pili huenda asifike."

Sabiha akaipekua programu aliyoiandika kwa mkono wake, mpaka akaliona kosa. Ombi likikwama njiani, programu haikufunga laini wala haikumjulisha mtu. Akasahihisha, akaiwasha upya. Laini zote zikajifunga, isipokuwa moja.

"Kaka Mwinyijuma, nenda Mlingotini ukaizime simu yao."

Baada ya muda Mwinyijuma akapiga simu, sauti ameishusha. "Ya sasa nimeizima. Laini hiyo, kwa namba uliyonipa, ni ya simu ya zamani, Sabiha. Imo kabatini, haina hata betri. Haijaguswa tangu Esha afariki."

Muuguzi Esha aliumwa na nyoka mwezi wa nne, akiwa peke yake zamuni. Mpaka leo watu huuliza kwa nini hakuomba gari. Sabiha akaangalia siku laini ile ilipofunguliwa mara ya kwanza. Ilikuwa siku hiyohiyo. Esha aliomba.

"Usiguse kitu," Mwinyijuma akanong'ona. "Namleta mganga, Bi Mwanaasha."

Sabiha akachomoa waya wa mtandao. Laini ikabaki. Jua lilikuwa kali nje, lakini chumbani iliingia harufu ya matope ya mikoko, nzito, ikapanda kutoka sakafuni mpaka kifuani kwake, na feni ikasimama ingawa umeme ulikuwapo, na katika ule ukimya akasikia kitu kikigonga polepole upande wa ndani wa kioo cha kompyuta, kama kucha, mara moja, mara mbili, kisha herufi zikaanza kutokea moja moja: *Sabiha, upo?*

Machozi yakamtoka. Akaandika: *Nipo, Esha. Nisamehe.*

Laini ikajifunga. Feni ikazunguka.

Bi Mwanaasha, mganga wa vitabu, anayetibu kwa kusoma aya, alimkuta amejiinamia. Akaweka chetezo cha ubani mezani.

"Shikamoo, bibi. Imekwisha," Sabiha alisema. "Alikuwa Esha. Alitaka kujibiwa tu."

"Marahaba. Aliyekufa haiti, mwanangu. Esha yuko kwa Mola wake." Akatazama kompyuta. "Alikuita kwa jina?"

"Ndiyo."

"Esha alikuwa akikujua?"

Sabiha akafikiri. Hawakuwahi kuonana, wala kusemezana. Maombi yalikwenda kwa kompyuta, si kwa mtu.

"Na wewe ukaitika kitu usichokijua."

"Nilisema nipo."

Bi Mwanaasha akarudi hatua moja nyuma, akaanza kusoma, na macho yake hayakuwa kwenye kompyuta. Yalikuwa kwa Sabiha. Sabiha alitaka kumfuatisha, maana aya ile ya Kurani aliihifadhi tangu chuoni akiwa na miaka sita. Ulimi wake haukusogea.