Bibi Aliagiza Uwanja

Siwema alikuwa na miaka sita. Alijua kuhesabu mpaka ishirini. Baada ya hapo, namba zilimchanganya.

Siku moja Siwema, Mama na Baba walifunga safari kwenda mjini kwa Shangazi. Bibi alibaki nyumbani na kuku wake.

"Bibi, nikuletee zawadi gani?" Siwema aliuliza.

Bibi alikuwa amesikia redioni habari za uwanja mpya wa besiboli huko mjini. "Wanasema ni mkubwa sana," alisema. "Niletee huo uwanja."

Mama alicheka. Baba alicheka mpaka akashika mbavu. Siwema hakucheka hata kidogo.

"Nimekuahidi, Bibi. Nitakuletea."

Basi, huko mjini, Baba akawapeleka uwanjani. Viti bado vilinukia rangi. Chini kulikuwa na nyasi, mistari ya chokaa, na vituo vinne vyeupe kwenye pembe nne.

Ko! Mchezaji akaupiga mpira kwa gongo. Shuu! Mpira ukapaa.

Mchezaji akakimbia. Kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, mpaka akarudi pale alipoanzia. Watu wakapiga makofi. Baba akaeleza kwamba ukizunguka kote na kurudi, timu yako inapata pointi.

Siwema aliutazama uwanja. Haungeingia kwenye begi. Haungeingia hata kwenye basi. Moyo wake ukawa mzito.

Baba akapiga picha kwa simu. Alisema Bibi ataonyeshwa hiyo.

"Bibi haoni picha, Baba," Siwema alisema.

Ni kweli. Macho ya Bibi yalikuwa yamefifia. Watu aliwajua kwa sauti zao. Njia alizijua kwa miguu yake.

Kwa miguu yake. Siwema akasimama.

"Nimemwahidi Bibi. Nitampelekea."

Mchezo ulipokwisha, alimfuata Dada Felista, mchoraji wa mistari ya chokaa. Akamwamkia, kisha akamsimulia yote, tangu kuku mpaka picha. Dada Felista akamwambia apite, ila asifute mistari.

Siwema akavua utepe wa nywele. Akaanza kutembea na kuhesabu hatua. Kila zikifika ishirini, angefunga fundo moja.

Pata, pata, pata. Moja, mbili, tatu.

Kandambili ikachomoka. Alipoirudisha, alikuwa amesahau. Ilikuwa kumi na moja au kumi na mbili? Akarudi mwanzo.

Pata, pata, pata. Moja, mbili, tatu.

"Siwema, basi litatuacha," Baba aliita. Hesabu ikapotea tena. Siwema alikasirika, na machozi yakamlengalenga.

Akavua kandambili zote mbili. Akarudi mwanzo.

"Nimemwahidi Bibi. Nitampelekea."

Mama akamwomba Baba anyamaze kidogo. Baba akanyamaza.

Moja, mbili, tatu, mpaka ishirini. Fundo. Ishirini tena. Fundo. Ishirini tena. Fundo. Hapo kituo cha kwanza.

Kituo cha pili, mafundo matatu. Kituo cha tatu, mafundo matatu. Kurudi alipoanzia, mafundo matatu. Utepe ulijaa, na basi waliliwahi kwa mbio.

Walipofika nyumbani, Bibi alikuwa mlangoni pa jikoni. "Uwanja wangu uko wapi?" aliuliza.

Siwema akamwekea utepe kiganjani. "Huu hapa, Bibi. Nipe mkono, twende."

Wakaanzia hapo hapo mlangoni, hatua ishirini kwa kila fundo. Mafundo matatu, wakalipita banda la kuku. Wakakata kona. Mafundo mawili, na mbele yao ukatokea ua wa jirani, Mama Zaituni.

Siwema hakusimama kwa sababu ya ua.

"Hodi, Mama Zaituni. Uwanja wa Bibi unapita hapa kwako."

Mama Zaituni alikuwa akiosha vyombo. Alisogeza karai lake pembeni. "Karibuni, piteni," alisema.

Wakapita. Wakakata kona, na kona nyingine. Kuku wakawafuata nyuma, na Mama Zaituni pia.

Mwishowe mguu wa Bibi ukagusa kizingiti cha jikoni. Bibi alikuwa anahema.

"Kumbe ni mkubwa hivi," alisema. "Sasa nimeuona."

"Umezunguka kote, Bibi. Umepata pointi."

Mama akapiga makofi. Baba akapiga makofi. Mama Zaituni naye akapiga, mikono yake ikiwa na povu. Siwema alifurahi mpaka akaruka ruka.

Usiku Siwema alilala kwa Bibi. Bibi alishika utepe, akahesabu mafundo kwa vidole, polepole.

Moja, mbili, tatu.

Kwenye fundo la tisa, Siwema alikuwa amelala fofofo. Bibi aliendelea mpaka la kumi na mbili. Kisha akatabasamu, akauzunguka uwanja wake tena.