Chumvi Katika Chakula cha Koplo

Kila asubuhi Ketura alikwenda shambani na mbwa wake, Koplo. Shamba lilikuwa mlimani, juu kidogo ya mji wa Bwera, na nyani walilijua kuliko wenyewe. Mwaka ule wa 1968 mahindi yalizaa kweli kweli. Koplo akibweka tu, nyani walitimka bila hata kuaga.

Maate, mumewe Ketura, alimlisha mbwa nyama mbichi kutoka machinjioni: mapafu, matumbo na vipande vya ini.

"Mbwa ya kula nyama ya kupika inakuwa mupole," alisema. "Mimi nataka mukali."

Siku moja Ketura aliona minyoo kwenye kinyesi cha Koplo. Maate hakuhangaika. Si samaki waliotiwa chumvi ya ziwani Katwe walikaa bila kuoza? Basi akasugua nyama ile kwa chumvi tele.

"Hii itamaliza minyoo yote," akasema, akijiona daktari.

Koplo alikula yote. Akanywa maji, akatapika, akanywa tena. Jua lilipopanda miguu yake ilitetemeka, hata kusimama hawezi. Ketura aliingiwa na hofu. Mahindi yalikuwa karibu kuvunwa. Bila Koplo nyani wangeyamaliza, na watoto wangekula nini? Tena alimpenda sana mbwa yule.

Alimbeba mpaka kwa jirani yao, Lamunu. Mume wa Lamunu alikuwa polisi wa kutunza mbwa wa kazi. Walipokaa kambini Kasese, Lamunu ndiye aliyewapikia mbwa hao.

"Mama, wewe nalisha yeye nini?" Lamunu aliuliza.

"Nyama mubichi. Na chumvi, ya kuua minyoo."

"Chumvi? Hapana! Chumvi haiui minyoo. Inaua mbwa! Leta maji safi. Mupe kidogo kidogo. Na wewe Maate, kimbia, ita daktari ya ng'ombe!"

Maate, aliyewafuata huku akijikuna kichwa, alitoka mbio kama kuruta.

Daktari wa mifugo alifika, akamtibu Koplo. Akaacha na dawa ya minyoo ya kumpa akipata nguvu. Jioni Koplo alisimama. Ketura alimkumbatia.

"Sasa sikia," Lamunu alisema. "Nyama mubichi iko na watoto ya minyoo. Chemusha mpaka iive. Changanya na posho ya unga wa mahindi, bila chumvi. Mifupa ya kupika usimupe, inatoboa matumbo. Na mapafu yenye vifuko vya maji, choma moto mpaka iwe majivu. Minyoo ya ndani yake mbwa anaweza kuletea hata watoto yako. Wakimushika, wanawe mikono."

"Na ukali?" Maate aliuliza.

"Mbwa ya polisi ilikula ya kupika. Uliona gani mupole?"

Maate alichukua dawa ya minyoo, akamwita Koplo waende nyumbani.

Tangu siku ile Ketura alimchemshia Koplo chakula chake. Koplo alinenepa, manyoya yakang'aa. Karibu na mavuno, kundi la nyani lilishuka. Koplo aliwatimua mpaka ng'ambo ya kijito. Ketura aliketi katikati ya mahindi, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Walivuna yote. Jioni ile Maate alikuja jikoni, akachochea moto.

"Chungu ya Koplo iko wapi?" aliuliza. "Leo mimi napika."