Ampea Zisizorudi

Waya mbili ukizibana pamoja, mita lazima isome sifuri. Hilo Fundi alilijua kama alivyolijua jina la mama yake. Umeme huenda kwa waya wa moto, hurudi kwa waya wa nyutro, na mita ya koleo, ile yenye taya mbili zinazouma waya kwa nje bila kuuchuna, ikizishika zote mbili hukuta kilichokwenda na kilichorudi ni sawasawa, basi inanyamaza. Mwanafunzi anayebana waya mbili kwa bahati mbaya huchekwa mpaka apate jina la utani.

Sasa Fundi mwenyewe, na mvi zake, alikuwa amefanya kosa hilo mbele ya boksi la breka, zile swichi zinazojikata umeme ukizidi, nyumbani kwa dada yake. Na mita ilisoma tatu.

"Betri zimechoka," alisema, akazibadilisha. Mita ikasoma tatu na nusu.

Akaubana waya wa ethi peke yake, maana umeme uliopotea njia hukimbilia huko. Sifuri. Kwa hiyo ampea tatu na nusu zilikuwa zinaingia chumbani kwa mama, na hazirudi kokote.

"Kaka, ni nini?" Dada yake alikuwa amesimama nyuma yake na mwiko mkononi, hajui hata kwa nini ameubeba.

"Waya umezeeka tu."

Fundi hakuwa mtu wa kuuogopa umeme. Miaka ishirini na sita alikuwa amelala nao kitanda kimoja, kama alivyopenda kutamba, na mkewe alishazoea kuitwa mke mdogo. Lakini kazi hii haikuwa ya mteja. Mama yao alikuwa amechoka mapafu, na tangu mwaka uliopita aliishi kwa mashine ya oksijeni iliyowekwa kando ya kitanda, mrija puani, ikihema pu, shii, pu, shii, usiku na mchana. Mashine ikizimika, mama alikuwa na dakika saba, labda nane. Na kwa siku tisa mfululizo breka ya chumba chake ilikuwa ikikata saa saba na robo mchana, wakati watoto wako shule, majirani wamejilaza, na barabarani hapapiti hata mbwa.

Mashine ile hula ampea moja na nusu. Taa ya chumbani haihesabiki. Breka ilikuwa ya ampea kumi na sita, ungeweza kuchomeka na pasi mbili juu yake isijali. Fundi akaubana waya wa moto peke yake, akasubiri. Tano. Saba. Kumi.

"Kaka," dada aliita kwa sauti ya chini kutoka chumbani. "Hebu njoo usikilize."

Mama alikuwa amelala chali, macho yamefumbwa. Chumba kilinuka nywele zilizoungua. Mashine ilihema, pu, shii, na nyuma yake, kwa kuchelewa kidogo, kitu kingine kilihema pia, kizito zaidi, kana kwamba mtu amejibanza ndani ya ukuta na anajifunza kupumua kwa kuigiza.

"Unasikia?" dada alinong'ona.

"Ni mwangwi."

Hapo breka ikakata, tak! Mashine ikanyamaza, king'ora chake kikaanza kulia. Lakini ile pumzi nyingine haikunyamaza. Ilivuta mara moja, mara ya pili, na mara ya tatu ikakatika katikati, kama mtu aliyepokonywa kikombe mdomoni.

Dada alikimbia kuinua breka. Ikakata tena. Akaiinua, ikakata. Midomo ya mama ilianza kugeuka rangi ya majivu, na mkono wake ukaufinya mkono wa mwanawe kwa nguvu ambazo Fundi hakujua kama bado anazo. Roho ya Fundi ilikuwa mkononi. Ndipo alipofanya lile ambalo aliwahi kumfukuzia kazi kijana wake mwenyewe, tena kwa matusi: alitoa mkobani breka ya ampea thelathini na mbili, akaipachika mahali pa ile ya kumi na sita.

Waya mwembamba kwa breka kubwa. Fundi ndiye aliyekuwa akiwaambia wanafunzi kwamba anayefanya hivyo ni muuaji anayelipwa nauli. Breka haikati kwa ukorofi, inakata ili waya usiungue. Lakini mganga hajigangi, na mama ni mama.

"Ni salama hiyo?" dada aliuliza.

"Kwa siku mbili tatu. Nitabadilisha waya."

Breka haikukata tena siku ile, wala kesho yake. Mashine ilihema bila kusita, na Fundi akajidanganya kwamba ameshinda. Waya hakuubadilisha, maana kuubadilisha ni kuzima umeme, na kuzima umeme ni lazima kwanza apate mtungi wa oksijeni wa kuazima. Alikuwa anauhangaikia. Siku ya nne dada akampigia simu.

"Taa za nyumba nzima zinafifia mchana," alisema. "Ukuta wa chumba cha mama una joto kama mgonjwa. Na mama anasema usingizini, kaka. Anasema, 'Ongeza.' Basi. 'Ongeza, ongeza.' Ile sio sauti yake. Nimemwita Bi Kimya. Usinigombeze."

Bi Kimya alikuwa mtabibu wa majini, mwanamke mfupi aliyepewa jina hilo kwa sababu alisema maneno machache na kila moja lilikuuma. Fundi hakuwa na imani na mambo hayo. Hata hivyo alipofika na kumkuta ameweka kiganja ukutani, amefumba macho, alivua kofia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi?"

"Ndimi."

"Hiki hakina uadui na mama yako. Kina kiu tu. Kilipita, kikakuta kinywaji, kikakaa." Akafumbua macho. "Mwanzoni kilikuwa kinakomea wapi?"

"Breka ilikuwa ikikata."

"Na sasa?"

Dada yake alimtazama Fundi.

"Nimeweka kubwa," Fundi alisema.

"Breka ile ndogo ilikuwa inakinyang'anya kikombe kila siku kabla hakijashiba," Bi Kimya alisema bila kumkaripia, na ingekuwa nafuu angekaripia. "Siku chache tena kingechoka, kingeondoka chenyewe. Wewe umekifungulia pipa."

Alieleza la kufanya. Jini wa namna ile hutolewa kwa njaa, na hutolewa akiwa katikati ya kunywa, mdomo wazi. Umeme wa nyumba nzima ukatwe ghafla wakati huo. Ila kabla ya kukata, mama awe ametolewa nje, barabarani kabisa. Kikinyimwa, kitadaka chochote chenye uhai kilichoungwa nacho, na kwa sasa kilichoungwa nacho ni mrija ulioko puani mwa mama.

"Mama nje kwanza. Kisha swichi," alisema. "Ukivuruga mpangilio huo usiniite."

Siku iliyofuata Fundi alipata mtungi. Akapata na kiti cha magurudumu. Walipanga kumtoa mama saa sita na nusu, na kukata saa saba na robo, saa ya kile kitu kunywa. Fundi alisimama mbele ya boksi, mita imeuma waya. Dada na Bi Kimya waliingia chumbani.

Saa sita na dakika kumi mita ilisoma moja na nusu. Hapo hapo, macho ya Fundi yakiwa juu yake, ikasoma kumi na tisa.

"Kimewahi!" alipiga kelele. "Mtoeni! Mtoeni sasa hivi!"

Ishirini na nne. Taa ya ukumbini ilififia mpaka ikabaki uzi mwekundu, na ile pumzi ya ukutani haikujificha tena nyuma ya mashine, ilitoka chumbani ikapita korido nzima, ikiingia na kutoka, na kila ilipoingia Fundi aliona pazia linavutwa kuelekea ndani ingawa madirisha yote yalikuwa yamefungwa, na harufu ya nywele zilizoungua ikageuka kuwa harufu anayoijua kila fundi duniani, harufu ya mpira wa waya unaoyeyuka ndani ya ukuta, akajua kwamba moto umeshaanza, na kwamba yeye ndiye aliyeuwasha siku ile alipopachika breka kubwa kwa mikono yake hii miwili.

"Mrija hautoki!" dada alilia. "Mama ameushika! Mama, uachie, mama yangu, uachie!"

Ishirini na tisa. Moshi ulitoka kwenye soketi iliyo juu ya kitanda, kisha ulimi wa moto ukalamba pazia.

"Usikate!" Bi Kimya alipaza sauti, yeye asiyepaza. "Mtoe kwanza! Usikate!"

Angeacha, nyumba ingeungua, na mama na dada yake wakiwa ndani. Angekata, mama alikuwa bado ameungwa. Ukweli ni kwamba Fundi hakupima lolote. Alimsikia dada yake akikohoa moshi, na mkono wake ukashuka wenyewe na swichi kuu.

Mashine ikanyamaza, king'ora chake kikaanza kulia.

Alikimbilia chumbani akalizima pazia kwa blanketi. Mama alikuwa nusu kitandani, nusu mikononi mwa dada, mrija ungali puani, kifua hakitikisiki. Ile pumzi nyingine ilizunguka chumba mara moja. Waliisikia ikipita juu ya vichwa vyao, ikitafuta, ikipapasa kuta zilizokauka. Kisha haikusikika tena.

"Mama," Fundi alisema. "Mama, nisamehe."

Dada alikuwa anahangaika na mtungi alipoona kwamba hauhitajiki. Mama alivuta pumzi. Aliivuta taratibu, ndefu, ndefu kupita kifua chake kilivyo, mpaka mbavu zikaonekana. Akafumbua macho, akautoa mrija mwenyewe kwa vidole viwili, akauweka pembeni.

"Mbona mnanililia?" aliuliza. "Nani amekufa?"

Dada alimkumbatia akicheka na kulia kwa pamoja. Bi Kimya alikuwa ameshafika mlangoni.

"Nitakuja Ijumaa kuuliza swali moja," alimwambia Fundi, akaenda zake.

Siku zile zilikuwa za furaha, kusema haki. Fundi alibomoa ukuta, akavuta waya mpya mnene, akarudisha breka ya kumi na sita. Alizima kila kitu akapima: sifuri. Akabana waya mbili pamoja: sifuri. Hakukuwa na harufu wala joto. Mama alitembea. Mama alifua mashuka. Daktari alisikiliza kifua chake mara tatu, akavua miwani, akasema mashine irudishwe ikamsaidie mwingine. Dada alinenepa kwa furaha ndani ya wiki moja, na mama akamwambia hivyo mbele za watu.

Ijumaa Fundi alipita kumalizia kupaka rangi. Mama alikuwa ameketi sebuleni akikunja nguo za wajukuu. Mita ilikuwa juu ya meza.

"Mama, lete mkono nikupime presha," alitania.

"Kwa koleo? Fundi umeme, daktari umeme," mama alicheka, akamnyooshea mkono.

Taya zilifungwa kuzunguka kifundo cha mkono wa mama, mwembamba, wenye kovu la jiko alilolipata wakati Fundi akiwa mtoto mchanga mgongoni mwake. Mita ilisoma sifuri. Fundi alikuwa anataka kuitoa ilipobadilika. Moja. Nne. Tisa. Namba hazikupanda kwa kurukaruka, zilipanda kwa utulivu, kama mtu anayepanda ngazi za nyumbani kwake.

Mama alikuwa ameacha kucheka. Alimtazama mwanawe, na macho yalikuwa ni yale yale, hilo ndilo lililomtisha zaidi, yalikuwa macho ya mama yake yaliyojaa woga.

"Mwanangu," alisema polepole, "usinizime."

Mlango uligongwa.

Bi Kimya hakukubali kuingia. Alisimama kizingitini, mkoba mdogo kwapani, tayari kwa kazi. Fundi alijua ni kazi gani. Akisema neno moja tu, mwanamke huyu ataingia sebuleni, atafanya anachokijua, na jini litatoka. Na likitoka litamwacha mama na mapafu yale yale yaliyokwisha, hana mashine, na hapo nguo za wajukuu zitakuwa hazijamalizwa kukunjwa. Jikoni dada yake alikuwa anaimba.

"Kimetoka?" Bi Kimya aliuliza.

Nyuma yake Fundi hakusikia nguo ikikunjwa.

"Kimetoka, bibi."

Bi Kimya alimtazama bila hasira. Akaushusha mkoba kutoka kwapani.

"Basi kuanzia leo ni chako," alisema. "Kikianza kuomba tena kiongezewe, kitakuomba wewe."

Alipokwisha kupotelea kwenye kona ya barabara, Fundi alifunga mlango, akarudi sebuleni, akaketi karibu na mama yake. Mama alimnyooshea mkono. Akaushika.