Kupe Waliobaki

Chwi, chwi, chwi. Alfajiri ilikuwa bado, na maziwa yalikuwa yakigonga ndani ya kibuyu. Tatu alikuwa amelala na mapacha wake. Alisikiliza. Sauti ilikatika upesi. Jana ilidumu zaidi kidogo. Juzi ilidumu zaidi ya hapo.

Sadala, mumewe, aliingia amekishika kibuyu kwa mikono miwili, kama mtu anayeogopa kumwaga. Hapakuwa na cha kumwaga.

"Ndiyo hayo tu, Baba Salimu?"

"Ndiyo hayo. Kijivu hali majani. Masikio yake yamejaa kupe."

"Si ulimpiga dawa Jumatatu?"

"Nilimpiga. Kupe wanatembea tu, kama walionyeshewa mvua."

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Watu wa vitongoji vingi vya Handeni walikuwa wamehamia mahali pamoja, na mifugo yao pia. Sadala alichaguliwa kushika bomba la dawa ya kupe. Kila wiki alinyunyizia ng'ombe wa kijiji kizima.

Kijivu hakuwa ng'ombe wake. Alikuwa wa Mama Nalangu, wa boma la wafugaji wa Kimasai kule mbugani. Tatu alipojifungua mapacha, Salimu na Hamisa, maziwa yake hayakuwatosha wote wawili. Hamisa alikonda mpaka ngozi ya mikono ikalegea. Nalangu alisikia habari hiyo sokoni. Hakuuliza mengi. Alikuja kwa miguu akimswaga Kijivu na ndama wake.

"Mkamueni mpaka watoto wapate nguvu," alisema. Akanywa maji, akarudi kwao.

Tangu siku hiyo Tatu alimnyonyesha Hamisa, kisha akamwongezea maziwa ya Kijivu yaliyochemshwa, kwa kijiko, polepole. Mikono ya mtoto ilianza kujaa.

Asubuhi ile, kabla chai haijachemka, jirani yao Mwaija alisimama mlangoni. Hakupiga hodi.

"Ndama wangu amekufa," alisema. "Tezi zilimvimba chini ya masikio. Homa, kisha pumzi zikambana. Na wa Mzee Mdoe anaumwa vilevile."

"Pole, dada," Tatu alisema. "Karibu uketi."

"Siketi. Huyo ng'ombe wenu wa mbugani ndiye aliyetuletea kupe wasiokufa. Kabla yake hatukuwa nao. Mwenyekiti anawaita."

Mzee Mdoe, mwenyekiti wa kijiji, hakuwa mtu mkali. Lakini siku hiyo hakuwatazama machoni.

"Shikamoo, mzee," Tatu alisema.

"Marahaba, mwanangu. Watu wana hasira. Ng'ombe huyo aondoke kabla ya swala ya Ijumaa."

"Na Hamisa atakunywa nini, mzee?"

Mdoe alimtazama mtoto mgongoni mwa Tatu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nitafutie sababu ya kuwaambia watu. Nitaisikiliza. Lakini mpaka Ijumaa tu."

Njiani Tatu alimwuliza Sadala, "Mbona husemi kitu?"

"Nakwenda Korogwe kumwita Bwana Mifugo," alijibu, akaongeza mwendo.

Bwana Ponsiano, mtaalamu wa mifugo, alifika Alhamisi. Kabla ya kuingia kijijini alipitia boma la Nalangu. Akaja naye, na kupe wa huko ndani ya chupa. Kisha akaokota kupe wengine kwenye masikio ya ng'ombe wa kijiji, akawatia katika chupa ya pili. Alichanganya dawa ya kijiji na maji, kwa kipimo kamili kilichoandikwa kwenye mkebe wa dawa. Akawalowesha kupe wa chupa zote mbili, akamwaga dawa, akafunga midomo ya chupa kwa kitambaa.

"Dawa ni ile ile, kipimo ni kile kile," alisema. "Kesho asubuhi tutaona."

Mwaija alicheka. "Kesho tutaona kupe wa Kimasai wanacheza ngoma."

"Wakicheza, nitamchukua ng'ombe wangu mwenyewe," Nalangu alisema. Hakupandisha sauti.

Chupa zilikaa kwa Mzee Mdoe. Tatu hakula chakula siku hiyo. Alimtia Hamisa kijiko cha maziwa, na cha pili, kisha kibuyu kikaisha na mtoto akaendelea kufungua mdomo.

Ijumaa asubuhi watu walijaa uani kwa mwenyekiti. Mdoe alifungua kitambaa cha chupa ya kwanza, ile ya boma la Nalangu. Kupe wote walikuwa wamekunja miguu. Aliitikisa. Hakuna aliyejongea.

Akafungua ya pili, ile ya kijiji. Baadhi walikuwa wamekufa. Lakini wengi walikuwa wakipanda kioo cha chupa kuelekea mdomoni.

"Funga, mzee, funga!" Mwaija alipiga kelele.

Sasa Bwana Ponsiano aliuliza polepole, "Nani hupiga dawa hapa? Na hupima vipi?"

Macho yote yalimgeukia Sadala.

"Zamani nilijaza kopo la kupimia," alisema. "Watu wakahamia, ng'ombe wakaongezeka, dawa ikabaki kiasi kile kile. Sikutaka mtu arudi na ng'ombe wake bila dawa. Nikaongeza maji. Mwaka jana kopo nusu. Mwaka huu hata nusu haifiki."

"Kumbe tulikuwa tunawaogesha maji tu!" mtu mmoja alisema. Wengine wakaguna.

"Alitaka wote tupate," Mzee Mdoe alisema. "Mwacheni amalize."

"Basi kupe wameizoea dawa," Mwaija alisema, "kama mlevi anavyozoea pombe."

"Hapana, mama," Ponsiano alisema. "Watu wengi hudhani hivyo. Kupe mmoja hazoei. Watazame Salimu na Hamisa. Mama mmoja, siku moja, lakini huyu ni mweusi na huyu ni maji ya kunde. Hakuna aliyewafundisha. Wamezaliwa hivyo. Kupe nao hawafanani. Tangu mwanzo, kati ya kupe wengi sana, wachache huzaliwa wakiweza kuvumilia dawa kidogo. Dawa kamili ingewaua karibu wote. Dawa yenye maji iliwaua wanyonge, ikawaacha wale wavumilivu. Sasa waliobaki walipandana na nani?"

"Wao kwa wao," Nalangu alisema.

"Na wakazaa watoto wa namna gani?"

Nalangu alitabasamu kidogo. "Sisi tukitaka ng'ombe wa maziwa, tunamwacha dume aliyezaliwa na mama mwenye maziwa. Hapa dawa ndiyo iliyochagua dume."

"Hasa. Kila kizazi wanyonge walipungua na wavumilivu zaidi waliongezeka, mpaka sasa hata dawa kamili haiwaui wengi. Kupe ni wale wale kwa sura, lakini kundi limebadilika. Kule mbugani dawa ilipigwa kamili, ndiyo maana kupe wa huko bado wanakufa. Kijivu hakuwaleta hawa. Amewakuta."

Kisha Mwaija akaenda mpaka alipokuwa Nalangu. "Dada, nimekusema vibaya."

"Ulifiwa na ndama," Nalangu alisema, akamshika mkono.

Mzee Mdoe akasema, "Kijivu anabaki. Sasa, Bwana Mifugo, tufanye nini?"

Ponsiano alikuwa amebeba dawa ya aina nyingine, ambayo kupe wale walikuwa hawajaipata. "Hii pia itaharibika mkiitia maji," alisema. "Kipimo kamili. Ng'ombe wote, siku moja, bila kuruka wiki. Isipotosha, okoteni kupe kwa mikono na kuwachoma, mkingoja dawa nyingine. Na Kijivu asirudi mbugani akiwa na kupe hata mmoja. Wavumilivu hawa wakifika kwa Nalangu, watazaana na wa kule, na dawa ya kule itashindwa pia."

Sadala alipewa bomba lile lile. Kila wiki alijaza kopo mbele ya watu. Dawa ilipopungua, Mwaija ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinama na kuokota kupe masikioni mwa Kijivu. Ndama wa Mzee Mdoe hakupona. Lakini baada yake, msimu ule, hakufa mwingine. Na sauti ndani ya kibuyu ilirefuka tena, mpaka Tatu akawa anasinzia kabla haijaisha.

Mapacha walipoanza kula ugali, Sadala na Tatu walimrudisha Kijivu. Kwanza walimkagua kila mahali, chini ya mkia na ndani ya masikio. Nalangu aliwapokea nje ya boma. Alimbeba Hamisa, akamwona mzito, akacheka.

Jioni walipoaga, aliwasindikiza mpaka njiani.

"Mje tena," alisema. "Mje na watoto wote wawili. Kupe tu ndio muwaache kwenu."